Saini Hamsini za Ardith Pelkey

Ukitaka kumwona mbunge wetu, usijisumbue kwenda Montpelier, makao makuu ya jimbo letu, kwenye lile jengo lenye kuba la dhahabu. Subiri Jumamosi, pakia takataka zako, njoo dampo la Tarbell. Kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana utamkuta Ardith Pelkey kwenye kiti cha kukunja, katikati ya kontena la chupa na kontena la makopo, themosi ya kahawa mguuni, kofia ya sufu kichwani hata mwezi wa saba. Miaka ishirini na minane amekaa hapo. Nzi wamemzoea, na wapiga kura pia.

Daktari wa meno unaweza kumkwepa mwaka mzima. Mchungaji unaweza kumkwepa mpaka siku ya maziko yako. Takataka hazikwepeki, na njia ya kwenda kuzitupa inapita mbele ya kiti cha Ardith. Utashusha mfuko, utamsalimu, na kabla hujafunga mlango wa gari utakuwa umeshamweleza habari za kodi ya nyumba, shimo la barabarani na mkwe wako.

Yeye anaandika. Ana daftari dogo la kijani na penseli iliyotafunwa, na kila ulichosema kinaingia humo, hata ulichosema kwa mzaha. Mwaka fulani Armand Thibault, msimamizi wa dampo, alimwambia kwamba serikali iwafundishe dubu kufunga vifuniko vya mapipa baada ya kula. Miezi mitano baadaye Armand akapokea barua ya kurasa tatu kutoka kwa wataalamu wa wanyamapori, ikieleza kwa adabu kwa nini jambo hilo ni gumu.

"Nilikuwa natania, Ardith."

"Siku nyingine sema mapema. Yule mama aliyeiandika kahangaika wiki nzima."

Ardith hana chama na hajawahi kuwa nacho. Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa barabara ya Kettle Hill, mtoto wa nne kati ya sita, na kabla ya ubunge aliendesha basi la shule kwa miaka kumi na tisa. Dereva wa basi la shule anajua mambo ambayo polisi hawajui: nyumba gani haijapika, nani kahamia kwa nani, mbwa wa nani anauma kweli na wa nani anajitangaza tu. Nilipanda basi lile nikiwa mdogo, na hadi leo akinitazama kwa kioo cha gari lolote nakaa wima.

Kilichomwingiza kwenye siasa ni daraja la Cobb. Mbao zake zilikuwa zimeoza kiasi kwamba Ardith kila asubuhi alisimamisha basi, akawashusha watoto wote, akawavusha kwa miguu wawili wawili wameshikana mikono, kisha akarudi kulivusha basi tupu peke yake, mlango wazi na mkanda haujafungwa, ili akianguka mtoni aweze kuogelea. Alifanya hivyo msimu mzima wa baridi. Akawaandikia wakubwa. Mgombea wa chama kimoja akamjibu kwamba watalitazama daraja. Mgombea wa chama cha pili akamjibu kwamba wameshalitazama. Ardith akaziweka barua zote mbili mezani, akazitazama, akaenda kwa karani wa mji kuchukua fomu.

Alishinda kwa kura kumi na moja. Wakahesabu upya, zikawa tisa. Alisema tisa zinamtosha kwa sababu kitini anakaa mtu mmoja. Daraja jipya likajengwa mwaka wake wa nne bungeni, na hadi sasa kuna watu wazima wa Tarbell, wenye vitambi na mikopo, ambao wakifika pale wanapunguza mwendo na kutafuta mkono wa mtu wa kushika.

Bunge letu la chini lina wabunge mia moja na hamsini, na wasio na chama wanaweza kukaa kwenye gari moja bila kubanana. Mchana ukifika, kila chama huingia chumba chake, hufunga mlango, hukubaliana. Ardith hubaki kwenye benchi la korido, chini ya makoti ya watu, anakula mkate wa mayai alioufunga nyumbani. Mwaka wa kwanza walimwonea huruma. Mwaka wa tatu walianza kutoka vyumbani mmoja mmoja kuja kukaa naye, kwa sababu pande mbili zikilingana, kura iliyobaki inakula mkate wa mayai nje.

"Chama chako kimeamuaje kuhusu huu muswada?" kijana mmoja mgeni alimuuliza, akidhani anachekesha.

"Tulikutana asubuhi nikipiga mswaki," Ardith akajibu. "Mjadala ulikuwa mkali, lakini tumetoka na kauli moja. Tunaukataa. Ukurasa wa kumi na nne umeusoma?"

Hakuwa ameusoma. Hakuna aliyekuwa ameusoma. Ndiyo kazi ya mtu asiye na chama: hakuna wa kumwambia anyooshe mkono lini, kwa hiyo inambidi asome. Niliwahi kufundishwa siasa chuoni kwa mihula mitatu, kabla mimi na chuo hatujachokana, na sikusikia jambo la maana kuliko hilo.

Sheria iliyobeba jina lake ni fupi, kurasa mbili. Inahusu matope. Mwezi wa tatu theluji ikianza kuyeyuka, barabara zetu za udongo hugeuka uji, na lori moja la magogo likipita, basi la shule halipiti tena mpaka mwezi wa tano. Sheria ya Ardith iliupa kila mji ruhusa ya kuzifunga barabara hizo kwa malori mazito wiki za matope, isipokuwa lori la maziwa, kwa sababu ng'ombe hajui msimu. Wenye watoto walishangilia. Wenye ng'ombe walishangilia. Orrin Stebbins, ambaye wakati huo alikuwa na malori mawili ya magogo, alichukua ndoo ya rangi nyeupe akapanda ngazi. Ubavuni mwa ghala lake, linaloonekana na kila apitaye kwenda ofisi ya mji, akaandika kwa herufi ndefu kama mtoto wa darasa la pili: YEYOTE ILA ARDITH.

Kila baada ya miaka miwili, uchaguzi ukikaribia, Orrin hupanda tena kuyapaka upya maandishi yale. Hajawahi kuandika jina la mpinzani wa Ardith, maana wapinzani hubadilika na rangi ni ghali. Ardith akipita humpigia honi, na Orrin huinua brashi. Hapo wamemaliza mazungumzo ya miaka miwili.

Sasa nieleze kosa alilolifanya Ardith, maana mtu wa mji mwingine hawezi kulifanya hata akisaidiwa.

Ili jina lake liingie kwenye karatasi ya kura, mgombea asiye na chama anahitaji saini hamsini za wapiga kura wa eneo lake. Mara zote kumi na nne Ardith amezikusanya kwa njia moja: Jumamosi moja ya mwezi wa nane anaweka ubao wa kuandikia mapajani pale dampo, na kila anayeshusha takataka anashusha na saini. Saa nne asubuhi anakuwa ameshamaliza. Hazihesabu wala hazisomi, anazikunja na kuzitia kwenye boksi la gari, halafu anazipeleka kwa karani siku ya mwisho kabisa, mchana, kwa madaha, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Dampo letu linatumiwa na miji miwili, Tarbell na Quimby, iliyotenganishwa na mto unaovukwa kwa suruali iliyokunjwa. Miaka yote miji hiyo ilikuwa eneo moja la uchaguzi. Kisha watu wakahesabiwa upya, ikabidi mistari ya maeneo ya uchaguzi ichorwe upya, na Ardith mwenyewe alikuwa kwenye kamati ya kuichora. Wenzake walimwambia kwa sauti ya chini kwamba akitaka anaweza kubaki na Quimby, inayompenda kuliko hata Tarbell. Itabidi tu mstari upinde kidogo mahali, kama mkia wa nguruwe. Ardith akasema mstari ni mstari. Akanyoosha mkono kuipoteza Quimby. Akarudi nyumbani, akatueleza, tukamsifu, tukasahau. Mbaya zaidi, na yeye akasahau. Kwa sababu dampo halikuchorwa upya. Jumamosi ile watu walewale walikuja na mifuko ileile, na Ardith aliwapokea kama alivyowapokea siku zote.

Alhamisi ya mwisho, saa sita na nusu mchana, aliingia ofisi ya mji na karatasi zake. Glenda Hatch, karani wetu, alivaa miwani. Glenda na Ardith walikaa dawati moja shuleni, wanaoka pai pamoja kwa ajili ya kanisa, na hakuna siku Glenda amewahi kumpunguzia hata nukta. Daftari la wapiga kura lilikuwa mbele yake, rula chini ya kila jina.

"Huyu sawa," Glenda alisema. "Huyu sawa. Huyu ni wa Quimby."

"Ndiyo, ni wa Quimby."

"Huyu naye Quimby. Na huyu." Rula ikashuka. "Ardith, Quimby si yako."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponyoosha mkono."

Ofisini kuna saa ya ukutani inayotembea kwa kelele. Glenda akaendelea kushusha rula. Saini zilikuwa sitini na nane, na Glenda alipofika chini ya ukurasa wa mwisho thelathini na tatu ndizo zilizobaki zinapumua.

"Bado kumi na saba," alisema. "Nafunga saa kumi na moja."

"Najua unafunga saa ngapi."

"Nakukumbusha tu, Mheshimiwa, maana naona kuna mambo mengine unayasahau."

Ardith hakubishana. Watu waliotangulia kusikia habari, na Tarbell habari husikika kabla haijatokea, walidhani angalau atauliza kama kuna mwanya mdogo mahali. Hakuuliza. Alichukua karatasi tupu tatu, akatoka, akasimama kibarazani akatazama juu. Jua lilikuwa kali. Ndipo alipoielewa shida yake yote.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo, kisha jua likawaka siku tatu, na redio ilisema jioni itanyesha tena. Majani ya ng'ombe ya mkato wa pili yalikuwa yamelala mashambani, yamekauka, yanangoja kufungwa marobota. Siku kama hiyo Tarbell hakuna mtu anayeshika simu, hakuna anayefungua mlango, na kumsimamisha mtu mwenye majani chini ili akuandikie jina lake ni matusi ambayo hata Orrin Stebbins hajawahi kumtukana mtu.

Armand alikuwa amekuja na pikapu ya dampo, ile yenye mlango wa rangi nyingine. "Panda," alisema. "Gari lako linaenda kama unaenda kutubu."

"Tunaanza wapi?"

"Kwa wasioweza kukata majani. Leo ni Alhamisi, mama. Wazee wako chini ya kanisa wanakula."

Kila Alhamisi wazee wetu hula pamoja kwenye chumba cha chini cha kanisa: kuku wa mchuzi mzito juu ya mikate, maharage, na kitu kinachotetemeka chenye rangi ya kijani ambacho hakuna aliyewahi kukiuliza jina. Ardith aliingia na karatasi. Bibi mmoja wa miaka tisini na moja akaweka masharti kwa niaba ya meza zote.

"Hatuwezi kumsainia mtu aliyesimama. Kaa ule."

"Bibi, nina haraka."

"Ulituendeshea wajukuu miaka kumi na tisa ukisema haraka ni ya wajinga. Kaa."

Akakaa. Akala mpaka kile kinachotetemeka. Alitoka saa nane kasorobo na saini nane na tumbo zito, na zote nane Armand alizikagua mlangoni kama mkaguzi wa forodha: "Wewe unalala upande gani wa mto? Hapana, sikuulizi unalala na nani."

Arobaini na moja. Walipofika shamba la kina Delorme waliwakuta watu watano wanafukuzana na mashine. Ardith alivaa glavu, akashika robota la kwanza kwa kamba zake mbili, akalisukuma kwa goti juu ya tela. Ana miaka sitini na saba, lakini amekulia majanini, na mwili una mambo yake unayoyatunza. Tela lilipojaa ndipo mzee Delorme akapunguza mwendo wa trekta.

"Unataka nini, Ardith? Maana hukuja kwa mazoezi."

Akamweleza. Wakasaini watano, karatasi ikatoka na jasho na vipande vya majani. Bertha, mke wa mzee, ndiye aliyeishika karatasi ikizunguka, na hilo tulikumbuke.

Kwenye mteremko wa Kettle Hill walikuta vijana watatu wa mji wanasawazisha barabara kwa greda. Hao hawakuhitaji kubembelezwa. Walisaini juu ya boneti, na dereva wa greda akauliza kama sheria ya matope inaweza kuongezewa wiki mbili za mapumziko kwa madereva wa greda. Ardith akaitoa penseli yake.

"Alikuwa anatania," Armand akasema.

"Nishajifunza. Nimeandika 'anatania' pembeni."

Saa kumi na dakika kumi. Arobaini na tisa. Armand alizihesabu mara tatu akiendesha kwa goti. Waligonga milango minne, hakuna mtu. Walipita duka, limefungwa, mwenye duka yuko majanini. Wingu jeusi lilikuwa linazunguka juu ya mlima kama mtu anayetafuta pa kukaa. Walirudi barabara kuu ya kuelekea ofisi ya mji, na pale, upande wa pili wa barabara kutoka kwa Glenda, kulikuwa na shamba moja lenye mtu mmoja, marobota yasiyopungua sabini chini, na ghala lenye maandishi meupe.

"Kuna mtu mmoja yule," Armand akasema taratibu.

"Namwona."

"Ni wa Tarbell. Kaandikishwa. Yuko hatua mia mbili kutoka kwa Glenda."

"Nimesema namwona, Armand."

Ninavyomjua Ardith, hakuhofia kukataliwa. Huyo ni mtu aliyekataliwa na vyama viwili kwa wakati mmoja na akalala usingizi. Kilichomkaba ni kwamba miaka yote hajawahi kumwomba Orrin kitu, na Orrin hajawahi kumwomba yeye, na kwa watu wa namna hiyo huo ni urafiki wa kutosha. Aliitazama saa. Akalitazama wingu. Marobota sabini, mtu mmoja, mwenye miaka sabini na mbili na goti bovu.

"Simama," alisema. "Majani ya mtu yataloa."

Walishuka. Orrin aliwaona wakija, akaendelea kuinama.

"Umepotea njia, Mheshimiwa," alisema. "Ofisi iko kule."

"Najua iko wapi. Mkwe wako yuko wapi?"

"Kaenda harusini. Watu siku hizi wanaoa siku ya majani."

Ardith akashika robota. Basi wakapakia: Orrin juu ya tela anapanga, Ardith na Armand chini wanarusha, na Armand analalamika kwa niaba ya wote watatu. Hakuna aliyetaja karatasi. Radi ya kwanza iliponguruma mbali, yalikuwa yamebaki marobota ishirini. Tone la kwanza lilipoanguka, yalikuwa yamebaki mawili. Orrin akaliingiza tela ghalani kinyumenyume, chini ya yale maandishi yake mwenyewe, akazima trekta.

"Lete hiyo karatasi," alisema.

"Sijakuomba karatasi."

"Ungeomba ningekufukuza. Mji mzima unajua umewasainisha Quimby. Glenda kamwambia mama wa posta, mama wa posta kaniambia mimi kwa dirisha la gari. Lete."

Ardith akaitoa mfukoni, imekunjwa, ina alama ya kidole cha mchuzi wa kuku. Orrin akaiweka juu ya tairi la trekta.

"Mwaka gani nimekupigia kura?" aliuliza.

"Hata mmoja."

"Mara kumi na nne nimeingia pale ndani, nimelitafuta jina lako, nimelikataa. Natoka nimenyooka mgongo. Sasa wewe unataka mwaka huu niingie nimkute yule kijana mpinzani wako peke yake, nisiyemjua hata baba yake. Nimkatae nani?" Akasaini, herufi kubwa kama za ghalani. "Shika. Na kura ya Novemba usinitegemee."

"Sijawahi," Ardith akasema.

"Basi tunaelewana. Nenda, yule mwanamke hufunga bila kupitisha sekunde."

Alivuka barabara kwenye mvua, karatasi ndani ya koti, saa kumi na dakika arobaini na nane. Glenda hakusema pole wala hongera. Alimpa taulo ya karatasi kwanza akaushe mikono, asilowanishe daftari. Rula ikashuka jina kwa jina. Wazee, wote sawa. Vijana wa greda, sawa. Orrin Stebbins; hapo rula ilikaa kidogo, Glenda akainua macho juu ya miwani, akayarudisha chini.

"Sawa," alisema. Kisha akarudi nyuma mistari michache. "Hii siyo."

"Ipi?"

"Mzee Delorme. Huu ni mwandiko wa Bertha. Ule mkia wa D ninaujua, nimesoma mapishi yake miaka thelathini. Kamsainia mumewe."

"Alikuwa kwenye trekta. Alikuwa hatua kumi kutoka pale. Alikubali kwa kichwa."

"Kichwa hakiandiki." Akapiga mstari. "Arobaini na tisa."

Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika hamsini na tano. Armand, mlangoni, alitamka neno la Kifaransa ambalo bibi yake alimkataza. Ardith alisimama pale maji yanamdondoka mikononi, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na mahali pa kwenda. Kwa Delorme na kurudi ni dakika ishirini. Armand mwenyewe, mtu aliyezunguka naye mchana kutwa, anaishi Quimby.

"Na wewe Glenda?" Armand akauliza. "Si mpiga kura wa hapa?"

"Mimi ndiye ninayezipima. Mtu hapimi unga wake mwenyewe dukani."

Glenda akavua miwani, akaifuta, bila kumtazama mtu.

"Sitakiwi kumshauri mgombea," alisema. "Kwa hiyo nazungumza na ukuta. Ukuta, sheria inasema saini ya mpiga kura yeyote aliyeandikishwa katika eneo hili. Haisemi isipokuwa mgombea mwenyewe."

"Sijawahi kujisainia," Ardith akasema. "Mara zote kumi na nne. Nilisema kama hawapatikani watu hamsini wanaonitaka, sina haja ya kujifanya wa hamsini."

"Nilikuwa nazungumza na ukuta."

"Ni kujipakulia kabla ya wageni, Glenda."

"Wageni arobaini na tisa wameshapakuliwa," Armand alisema. "Wewe ndiye uliyebaki na sahani tupu. Saini, mama, nina njaa."

Ardith alitazama orodha ile. Bibi wa miaka tisini na moja, mwandiko unaotetemeka kuliko kile cha kijani. Vijana wa greda. Orrin, aliyesaini ili apate wa kumkataa. Watu hawa wote walikuwa wamefanya kazi yao. Akaichukua penseli yake. Glenda akampokonya, akampa kalamu ya wino. Akaandika jina lake mstari wa mwisho, polepole, kama mtoto anayesimamiwa.

Glenda akaigeuza karatasi, akafungua daftari la wapiga kura kwenye herufi P, akaweka rula.

"Jina kamili?"

"Glenda, tumekaa dawati moja."

"Jina kamili."

"Ardith Louise Pelkey."

"Unaishi wapi?"

"Kettle Hill. Mji wa Tarbell."

"Upande gani wa mto?"

Armand alicheka mpaka akalazimika kutoka nje kwenye mvua. Glenda akagonga muhuri, saa kumi na dakika hamsini na nane, akaandika 50 na kuizungushia duara, kisha saa kumi na moja ilipofika akafunga dirisha lake bila kupitisha sekunde, kama Orrin alivyosema.

Novemba alishinda kwa kura mia moja na sita. Orrin alikuwa wa kwanza mlangoni pa kupigia kura kabla hata kahawa haijachemka, akaingia, akakaa humo muda mrefu kuliko kawaida, akatoka amenyooka.

"Nimekukataa," alimwambia Ardith aliyekuwa amesimama nje kwenye baridi na yule kijana mpinzani wake.

"Asante kwa kuja," Ardith akajibu.

Jumamosi iliyofuata tulikuta Armand ametumia mabaki ya rangi ya njano ya mji kuchora mstari kwenye sakafu ya dampo, kutoka getini hadi kontena la chupa. Kushoto Quimby, kulia Tarbell, ameandika kabisa na mishale. Alisema ni kwa faida ya viongozi wenye kumbukumbu fupi. Ardith aliutazama mstari, akautazama upande wake wa kulia, akakunjua kiti akakiweka juu yake, miguu miwili huku na miguu miwili kule, akamimina kahawa.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa wa Quimby, na friji mbovu na malalamiko kuhusu shimo mbele ya nyumba yake.

"Lakini najua mimi si wako tena," alisema, akiangalia mstari.

"Kwani shimo nalo limehama?" Ardith akauliza, akafungua daftari la kijani.